Likizo ya wiki nne: kituo cha watoto au safari na watu wako?

Kuanzia Machi hivi, simu yangu huanza kuleta swali moja kwa sauti nyingi. Mara Leicester, mara Minneapolis, mara Muscat. "Dada, tunakuja Juni. Binti yetu anataka kujitolea kituo cha yatima, wakwe wanataka kuona wanyama, mama naye anataka tukae nyumbani tu. Likizo ni wiki nne. Tufanyeje?"

Wananiuliza mimi kwa kuwa nililea watoto kwenye kituo kimoja nje kidogo ya mji wa Moshi kwa miaka sita. Tena kaka yangu anaendesha gari la watalii, kwa hiyo nyumbani kwetu habari za kituo na habari za mbuga huliwa sahani moja. Nimeyaona yote mawili kwa ukaribu, na msimamo wangu nausema mapema: kama una wiki nne au pungufu, na huna taaluma ambayo kituo chenyewe kimeiomba, tembea na watu wako. Kama una miezi sita na zaidi na una ujuzi wa kumfundisha mlezi, tuzungumze. Na kama unafikiria kufanya vyote viwili kwa safari moja, hapo ndipo nina mengi ya kukuambia.

Muda

Wiki nne kwa mtu aliyeomba likizo kwa bosi wake ni nyingi. Kwa mtoto wa miaka mitatu zinatosha kabisa kuzoea harufu yako, wimbo wako wa kumlaza, namna unavyompulizia uji upoe. Akishazoea, unaondoka. Wiki inayofuata anakuja mwingine mwenye harufu nyingine na wimbo mwingine. Juni hadi Agosti, shule za Ulaya zinapofunga, tulikuwa na wageni hadi vitanda vya wageni havitoshi. Oktoba tulibaki walezi wanne na kuku.

Tulikuwa na mtoto wa kiume aliyekuwa anakaribia miaka mitano. Gari la wageni likiingia, wenzake walikimbilia mabegi. Yeye alikuja taratibu, akamshika mgeni kidole, akauliza swali moja: "Unaondoka lini?" Jina la mgeni hakuliuliza. Jioni moja nikimkausha miguu baada ya kuoga nilimuuliza kwa nini anauliza hivyo kila mara. Akasema, "Ili nihesabu." Nilimwambia ahesabu nisikie. Alihesabu vizuri, bila kuruka, hadi kumi na nne, akanyamaza. Wageni wetu wengi walikuwa wa wiki mbili.

Sijawahi kumsimulia mtu kisa hiki bila koo kunibana, na nakiandika hapa kwa makusudi, kwa sababu tangazo la kujitolea litakuonyesha picha ya mtoto huyo huyo akicheka.

Sasa weka pembeni yake wiki nne na mama yako mzazi. Hizo nazo zina mwisho, naye atalia uwanja wa ndege pale KIA kama alivyolia mara iliyopita. Ila yeye anajua wewe ni nani kwake. Utapiga simu Jumapili. Mkiachana, kuna pa kurudia.

Watoto wanapata nini, wanapoteza nini

Wageni wengi huandika kwao siku ya kwanza kwamba watoto hawa wana upendo wa ajabu: nimeshuka tu garini wakanikumbatia. Naelewa furaha hiyo. Lakini fikiria mtoto wako au wa jirani. Mgeni akiingia, mtoto wa miaka mitatu hujificha nyuma ya kanga ya mama, anachungulia kwa jicho moja, na itachukua biskuti mbili kabla hajakusogelea. Ukimwona mtoto anayerukia mapajani mwa kila anayepita getini, ujue ameacha kuchagua. Sisi walezi tulipoona hivyo kwa mtoto mpya tulikuwa tunasikitika, maana miezi michache nyuma alikuwa anatukimbia.

Hili si la macho yetu ya kiswahili tu. Huko Romania, kuanzia mwaka 2000, watafiti kutoka Marekani walifuatilia watoto 136 waliokuwa wakilelewa vituoni mjini Bucharest. Waliwagawa kwa bahati nasibu: nusu wakapelekwa kwa familia za malezi ya kambo zilizoandaliwa, nusu wakabaki na malezi yaliyokuwepo. Waliopata familia, hasa kabla ya kutimiza miaka miwili, waliweza kushikamana na mlezi wao vizuri zaidi kuliko wenzao. Mtoto mdogo anahitaji sura zile zile, kila siku, kwa miaka. Wageni wa wiki mbili mbili, hata wawe na moyo wa dhahabu, wanampa kinyume chake.

Halafu kuna neno lenyewe, yatima. Kwenye kituo chetu waliofiwa na baba na mama walihesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Wengine walikuwa na mama aliyekwenda kutafuta kazi Dar, au baba aliyeugua, au bibi aliyeshindwa ada na unga kwa pamoja. Save the Children walitoa ripoti mwaka 2009 wakisema angalau watoto wanne kati ya watano walio vituoni duniani wana mzazi mmoja au wote wawili wakiwa hai. Niliposoma hilo nilikuwa naona majina ya watoto wangu mmoja mmoja.

Ndiyo maana nchi zetu zimeanza kubadilika. Rwanda walianza mpango wao wa Tubarerere Mu Muryango, yaani tuwalee katika familia, na wamekuwa wakiwatoa watoto vituoni na kuwarudisha kwa ndugu au familia za kambo tangu mwaka 2013. Kenya ilisimamisha usajili wa vituo vipya mwaka 2017, na mwaka 2022 ikatoa mkakati wa miaka kumi wa kuhamishia malezi kwenye familia na jamii. Desemba 2019 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio lililotaja wazi madhara ya programu za kujitolea kwenye vituo vya yatima, pamoja na zile zinazoambatana na utalii, kwamba zinaweza kuchochea usafirishaji na unyonyaji wa watoto. Soma taratibu hapo. Kituo kikijua wageni wanakuja na pesa kwa sababu ya watoto, kitatafuta watoto. Nimewahi kumsikia mtu akimshawishi bibi mmoja amlete mjukuu kituoni "apate wafadhili", na yule mjukuu alikuwa anakula, anasoma, na alikuwa na paja la kulalia.

Pesa

Waliokuja kwetu kupitia kampuni za kwao walikuwa wamelipa dola elfu moja hadi elfu mbili kwa mwezi, nauli ya ndege mbali. Mimi mshahara wangu ulikuwa shilingi laki mbili. Kwa bei ya dola ya wakati ule, mgeni mmoja wa dola elfu moja na mia tano alikuwa ametoa zaidi ya mshahara wangu wa mwaka mzima ili aje asaidie kazi yangu kwa wiki nne. Kilichofika kituoni kilikuwa sehemu ndogo. Sisemi hivi kwa wivu. Nasema ili ukae na kikokotoo ujiulize pesa yako inalipia nini.

Upande wa safari ya familia, pesa inaonekana inakwenda wapi, na nyingi hubaki mikononi mwa watu unaowaona: dereva, mpishi, mama anayeuza ndizi za kuchoma Mto wa Mbu. Jambo ambalo ndugu wa ughaibuni husahau ni kwamba familia mchanganyiko hailipi bei moja. Hifadhi ya Tarangire mgeni mzima hulipa dola 50 kwa siku msimu wa wageni wengi, Serengeti dola 70, kabla ya kodi ya ongezeko la thamani. Raia wa Afrika Mashariki hulipa shilingi 10,000. Kwa hiyo mama yako, shangazi yako na binamu zako wakiwa na vitambulisho vya taifa vya NIDA mkononi, kuwaingiza wote ni bei ya chakula cha mchana cha wakwe zako hotelini. Usiwaache nyumbani kwa kuogopa gharama. Gari moja la safari hubeba abiria sita au saba, na kiti kitupu kinalipiwa dizeli ile ile.

Bajeti ya Zanzibar iongezewe bima ya lazima ya dola 44 kwa kila mgeni mtu mzima, iliyoanza Oktoba 2024. Watu wengi hukutana nayo uwanjani wakiwa wameshamaliza mahesabu.

Vibali

Hapa wengi huteleza, hata wenye asili ya hapa. Tanzania haina uraia pacha, kwa hiyo kama ulichukua pasipoti ya Uingereza au Marekani, wewe ni mgeni mbele ya Uhamiaji hata kama kitovu chako kimezikwa Kibosho. Viza ya utalii ni dola 50, Wamarekani 100, na inakuruhusu kutembea. Haikuruhusu kufanya kazi, hata ya bure, hata ya kufua nepi. Anayejitolea anatakiwa kuwa na kibali cha ukaazi daraja C, na kituo kinachokupokea ndicho kinapaswa kuanza kukishughulikia. Kituo kikikuambia "njoo tu na viza ya utalii, hapa hakuna anayeuliza," umeshapata jibu kuhusu namna wanavyoshughulikia mambo mengine, yakiwemo mafaili ya watoto. Wakenya wenye pasipoti mbili, katiba ya mwaka 2010 iliwaruhusu, wao kwao wana nafuu.

Kusafiri na watu wako nako si lelemama

Nisije nikakupamba. Mwaka juzi dada yangu alikuja na mumewe Mwingereza, watoto wawili na wakwe zake. Mama mkwe alikuwa na miaka 71 na magoti mabovu. Mama yetu 68, presha. Siku ya tatu watu hawakusalimiana vizuri asubuhi, kwa sababu jana yake dada alilipa chakula cha wajomba kumi na mmoja waliojitokeza bila kualikwa, na shemeji akauliza mbele za watu kama huo ndio utaratibu. Ndiyo, shemeji, ndio utaratibu. Lakini mtu aambiwe kabla hajapanda ndege. Dada angekaa naye wiki mbili kabla amweleze: nani ataletewa zawadi, nani atakuja na bahasha ya mchango wa harusi, kwa nini haitoshi kumpigia baba mkubwa simu ukiwa Moshi bila kufika kwake ukakaa, ukala, ukaondoka umeshiba.

Vumbi lilimkaba mtoto mdogo kifua. Choo cha njiani kilimshinda mama mkwe, tukabeba kiti cha plastiki kilichokatwa katikati, na hilo lilikuwa wazo la mama. Ukingoni mwa Ngorongoro usiku baridi iliwatoa wazee jasho la woga. Wanaokuja kutoka joto la Dar au Muscat hawaamini mpaka wamefika, kwa hiyo beba sweta na soksi kana kwamba unakwenda Ulaya.

Lakini ngoja nikuambie la Tarangire. Mama amezaliwa chini ya Kilimanjaro, amelea watoto sita kwa kahawa na ndizi, na maisha yake yote tembo alikuwa wa kwenye noti na kalenda. Kaka alizima gari karibu na mbuyu mmoja mnene, familia ya tembo ikapita mbele yetu, karibu kiasi cha kusikia matumbo yao yakinguruma. Mama alivua kilemba akakishika mapajani kwa mikono miwili. Mtoto mchanga wa tembo alikuwa anatembea chini ya tumbo la mamaye, akijikwaa, na kila akijikwaa yule mkubwa anasimama. Mama alisema kwa Kichaga, polepole, "Wanamngoja." Hakusema kingine mpaka gari lilipowashwa. Mama mkwe, ambaye hakuelewa neno lile, alimshika mkono. Walikaa hivyo hadi Makuyuni. Tangu siku ile wale wazee wawili, wasiojua lugha ya kuzungumza, walikaa kiti kimoja na kumenyeana machungwa.

Sijui ni programu gani ya kujitolea ingempa dada yangu kitu hicho, au ingempa mama.

Wala si lazima iwe mbuga. Kuna familia iliyomaliza siku tisa bila kuvuka geti lolote la hifadhi: maporomoko ya Materuni pamoja na kutwanga kahawa, maji ya Chemka kule Hai, Ziwa Chala, soko la Mwika, Jumapili kanisani Marangu na mtori baada ya ibada. Wanaotua Dar wanaweza kupanda treni ya mwendokasi hadi Morogoro au Dodoma, iliyoanza safari zake mwaka 2024, na watoto wakaona nchi dirishani badala ya kulala kwenye basi. Waliopo Kenya wana treni ya Nairobi hadi Mombasa tangu 2017, na mzee asiyeweza tena basi la usiku anaweza kuonyeshwa Fort Jesus na wajukuu wake siku hiyo hiyo.

Ukitaka kuchanganya

Huu ndio mpango ninaouona mara nyingi: binti anajitolea wiki tatu, wazazi wanakuja wiki ya mwisho, wanazunguka naye mbugani, na kabla ya kuruka wanapitishwa kituoni "kuwaona watoto wake." Nia ni njema. Mzazi anataka kuona mwanawe alikuwa anafanya nini. Nami nimekuwa upande wa pili wa geti, nikiwapanga watoto kwenye mstari.

Tulikuwa na msichana wa darasa la saba. Agosti ile alibakiza wiki chache afanye mtihani wa taifa. Ndani ya wiki moja aliitwa mara tatu aache madaftari aje aongoze wimbo wa kukaribisha wageni, kwa sababu sauti yake ilikuwa nzuri na meneja alijua wageni huilipia. Mara ya tatu, alipokuwa anavua sketi ya kitenge ya kuimbia na kuvaa ile yake ya kawaida, aliniuliza kama wageni hawa nao wana watoto kwao. Nikamwambia wengine wanao. Akauliza, "Na wao huimba tukienda?"

Nyumba ya mtu haitembelewi hivyo. Kama una ndugu au rafiki anayekuja kukuona ukiwa unajitolea, mpokee mjini, mle pamoja, mweleze kazi yako kwa maneno, na watoto waache wakisoma. Picha za sura zao usimtumie mtu, hata bibi yako. Ukiwa kweli unafanya kazi yenye maana utaielezea bila kuwaonyesha.

Wakati kituo ni chaguo sahihi

Upo. Nakumbuka dada mmoja Mjerumani, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, aliyekaa nasi miezi kumi. Kabla hajaja alikuwa ameandikiana na mkuu wetu karibu mwaka mzima, ameleta cheti cha polisi wa kwao kuwa hana kosa, na amejifunza Kiswahili cha kutosha kuagiza kazi. Tulikuwa na watoto watatu wenye mtindio wa ubongo. Yeye hakuwabeba kuzunguka nao. Alikaa chini nyuma yangu, akaweka mikono yake juu ya mikono yangu, akanifundisha kulegeza nyonga ya mtoto kabla ya kumvisha, kumkalisha kichwa kikiwa sawa ili uji usimpalie. Alitufundisha kutengeneza kiti kwa maboksi yaliyobandikwa kwa gundi ya unga wa ngano, tabaka juu ya tabaka, likikauka linakuwa gumu kama mbao. Alipoondoka watoto hawakupungukiwa kitu, maana mikono iliyowashika ilikuwa yetu tangu mwanzo. Vile viti tuliendelea kuvitengeneza wenyewe.

Ukiona unafanana naye, uliza kituo mambo haya na usikilize jibu linavyokuja: kina usajili chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, na afisa ustawi wa jamii wa wilaya alifika mara ya mwisho lini? Watoto wangapi wamerudi kwa ndugu zao miaka miwili iliyopita? Walezi wana mikataba? Wamekuomba cheti cha tabia njema? Kituo kisichokuomba cheti hicho hakimwombi mwingine pia, na huyo mwingine ndiye wa kuogopwa. Kama kinajisifu kwa idadi ya watoto inayoongezeka kila mwaka, mimi ningeaga.

Na kama unachotaka hasa ni mtoto fulani asilale njaa, yule wangu wa kuhesabu hadi kumi na nne alikuwa na shangazi Same. Afisa ustawi wa jamii alimtafuta, akamkagua, akarudi mara ya pili bila taarifa. Shangazi alikuwa anamtaka. Alichokosa ni godoro, sare mbili, na mtaji mdogo wa kuongezea genge lake la mboga. Vyote havikufika laki nne. Waliochanga ni fundi bomba mmoja wa Leeds na mkewe, watu wa Mwanga, ambao walikuwa wamepanga kuja kujitolea na wakabadili mawazo baada ya mazungumzo marefu ya simu. Hawajawahi kumwona mtoto huyo. Walipokuja Desemba walikwenda kwao milimani, wakakaa na wazee.

Binti yako wa miaka kumi na saba

Nimemwacha mwisho kwa sababu ndiye huumiza wazazi kichwa. Ana moyo, ana hamu ya kuwa na faida kwa mtu, na shuleni kwake wenzake wamekwenda Ghana na Cambodia. Usimkatishe tamaa kwa kumwambia hapana tupu. Mweleze ya yule mtoto wa kuhesabu, ataelewa haraka kuliko wewe ulivyoelewa.

Kisha mpeleke kwa bibi yake, wiki tatu, bila wewe. Mtoto wa dada yangu tulimfanyia hivyo. Kiswahili chake kilikuwa cha "asante" na "shikamoo" ya kukariri. Wiki ya kwanza alilia kwa sababu ya choo cha shimo na jogoo. Wiki ya pili alikuwa anakwenda kukata majani ya ng'ombe na binamu zake, jioni anawasaidia Kiingereza cha kidato cha pili, nao wanamcheka anavyotamka "ng'ombe". Aliandika kwenye daftari majina ya babu zake hadi wa nne, na aina saba za ndizi, na ipi ni ya mtori, ipi ni ya kuchoma, ipi ni ya mbege. Bibi alimpa jembe siku ya tatu kama methali inavyotaka, na mtoto akalichukua kwa uzito hadi akatoka malengelenge. Aliyakaribisha yale malengelenge kama medali.

Kama mnapanga Desemba, fanyeni haraka. Nusu ya Dar hupanda kuja huku kuanzia tarehe 18 hivi, tiketi za basi zinakwisha, na nauli za waliochelewa hazina huruma. Treni ya Moshi nayo hujaa. Waulizeni wenye magari ya safari mwezi wa tisa, na mkiandika majina ya abiria, la mama liandikwe la kwanza, kiti cha dirishani.